Kila Gramu na Mlipaji Wake

Nina laki nne za kuweka kwenye baiskeli, na baiskeli yenyewe ni ya mbio, mtumba, fremu ya chuma, imeegemea ukuta wa chumba changu hapa Buguruni. Kwa mizani ya bucha la mtaani kwetu ina kilo 11 na nusu. Ndiyo, msomaji, niliipeleka buchani. Muuza nyama akaitundika kwenye ndoana akauliza, "Hii nikukatie wapi, kaka, pajani au ubavuni?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, huku macho yangu hayabanduki kwenye mshale.

Kilichonipeleka kwenye mizani ni swali dogo tu: hizo laki nne nibadilishe kifaa gani ili mashine ipungue uzito? Kila mshkaji wa kundi letu la Jumamosi ana jibu lake. Huyu anasema anza na rimu, yule anasema siti, mwingine anaiapia kaboni kama mtu anayeapa kwa jina la babu yake. Mimi, kwa kuwa ugonjwa wangu mwingine ni kusoma, nikaenda kulitafuta jibu katika historia. Nilitegemea kukuta orodha ya vyuma vyepesi. Nilichokuta hasa ni habari za watu waliolipa. Na mmoja wa waliolipa namfahamu vizuri mno, maana utotoni tulilala kitanda kimoja. Huyo nitamfikia.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1903 Wafaransa walipofanya Tour de France ya kwanza, mshindi wake, Maurice Garin, alikwenda jumla ya kilomita 2,428 kwa hatua 6 tu, juu ya baiskeli ya takriban kilo 18. Kilo 18! Hiyo si mbali na Phoenix ya muuza mkaa anayeteremka kutoka Kisarawe alfajiri. Usidhani mafundi wa siku zile walikuwa wajinga. Barabara zilikuwa vumbi na kokoto, na kanuni zilimkataza mwendeshaji kusaidiwa na mtu yeyote. Chuma kinene kilikuwa bima. Mtu alibeba uzito ili asiachwe porini na mashine iliyokatika.

Na hata bima hiyo ilimwangusha mtu. Mwaka 1913 Eugène Christophe, mmoja wa waliotazamiwa kushinda, alikuwa anateremka mlima Tourmalet, huko Ufaransa, foku ya mbele ikavunjika. Alibeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akatafuta karakana ya mhunzi. Mhunzi hakuruhusiwa kumgusia kitu. Christophe akafua chuma kwa mikono yake mwenyewe, wasimamizi wa mashindano wamesimama wanamtazama. Kosa lake likawa moja: kijana mdogo alimvutia mivukuto, kwa sababu mtu mwenye mikono miwili hawezi kupuliza moto na kushika nyundo kwa wakati mmoja. Akaongezewa adhabu ya dakika. Mwaka 1919, akiwa ndani ya fulana ya njano ya kiongozi, foku ikavunjika tena, na ushindi ukaenda tena. Ninapomfikiria Christophe namwona kama mtakatifu wa kila fundi wa baiskeli. Foku si mahali pa kufanyia ubahili wa chuma.

Lakini binadamu hatulii. Kila kilima kina mtu anayekitazama na kusema, "Hivi nikipunguza kidogo je?" Miaka ya 1920 rimu zilikuwa za mbao, na waandaaji wa Tour de France waliupenda mbao. Waliogopa kwamba rimu ya chuma au alumini ikipigwa breki mteremko mrefu itapata moto, gundi inayoshika tairi itayeyuka, na tairi litachomoka. Inasimuliwa kwamba Antonin Magne, aliposhinda mwaka 1934, alitumia rimu za aloi ya alumini zilizopakwa rangi ya mbao ili wakaguzi wasishtuke. Mjanja yule! Shika habari hii ya moto wa breki, msomaji, nitairudia mwishoni, maana bado iko hai.

Wakati huohuo Italia kulikuwa na mwendeshaji mmoja wa Vicenza, Tullio Campagnolo. Inasimuliwa kwamba alikwama kwenye theluji mlimani na vidole vimekufa ganzi, asiweze kufungua nati za gurudumu. Huo ndio ukawa mwanzo wa kile kishikio cha kufungulia gurudumu kwa mkono mmoja bila spana, ambacho leo baiskeli za mbio bado zinacho kwa mamilioni. Mwaka 1933 alifungua karakana yake. Angalia jambo hili kwa makini: kishikio kile hakikuzaliwa kwa ajili ya wepesi. Kilizaliwa kwa ajili ya vidole vilivyoganda.

Na gia ndiyo inayonifurahisha kuliko vyote. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, hakutaka gia za kuhamisha cheni katika mashindano yake. Aliona ni kumdekeza mtu. Mwendeshaji akifika chini ya mlima alishuka, akafungua gurudumu la nyuma, akaligeuza upande wenye meno mengi, akafunga, akapanda. Desgrange alipoachia usukani kwa ugonjwa, mrithi wake Jacques Goddet akaruhusu gia mwaka 1937. Roger Lapébie akashinda nazo mwaka huohuo. Sasa piga hesabu mwenyewe: gia inaleta chuma zaidi, chemchemi, waya, kishikio. Ni uzito juu ya uzito. Na bado hakuna aliyerudi nyuma. Kifaa kilichobadilisha mbio za milimani kilikuwa kifaa kilichoongeza gramu!

Laiti ningelijua hilo nilipokuwa na miaka 19.

Mwaka huo nilinunua gazeti la zamani la michezo la Kifaransa kwa muuza vitabu vya mitumba Posta. Sikujua Kifaransa, najua mpaka leo maneno matatu tu. Nilinunua kwa ajili ya picha moja: Eddy Merckx, Mbelgiji, Mexico City, tarehe 25 Oktoba 1972, siku aliyovunja rekodi ya saa moja kwa kuzunguka kilomita 49.431. Baiskeli yake aliitengeneza Ernesto Colnago wa Italia, na ilikuwa chini ya kilo 6. Haikuwa na breki wala gia, kwa kuwa ni ya uwanjani. Colnago alikuwa ameitoboatoboa kama chujio. Usukani ulitobolewa. Hata cheni, bwana, kipande kwa kipande, ilitobolewa.

Baada ya picha kama zile, vijana wa Ulaya wa miaka ya 1970 walishikwa na homa ya kutoboa. Mikono ya breki, meno ya mbele, nguzo za siti, kila kitu kilipitiwa na drili. Homa ile ikanifikia na mimi Buguruni, imechelewa miongo kadhaa lakini bado ina joto. Nikaazima drili kwa fundi wa madirisha, nikatoboa mikono yangu miwili ya breki, matundu sita kila mmoja, nikayasugua kwa msasa mpaka yakang'aa. Fundi wetu wa baiskeli, mzee wa watu, aliyaona akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, hicho ulichokitoa kilikuwa na kazi." Nikamjibu, "Mzee wangu, hata Merckx alitoboa." Akarudi kwenye pancha yake.

Nilichokuwa sikijui kuhusu Merckx ni hiki. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni hafifu kuliko ya pwani kwa takriban moja ya tano. Kwenye uwanja tambarare adui wa mwendeshaji ni hewa; uzito unahesabika pale anapoondoka tu, akishashika kasi hauonekani tena. Kwa hiyo yale matundu yalimsaidia kidogo sana. Kilichombeba ni miguu yake na hewa nyepesi ya mlimani. Ushahidi ukaja mwaka 1984: Mwitaliano Francesco Moser alikwenda mji uleule, na magurudumu ya sahani yaliyozibwa pande zote, mazito kuliko ya spoku, akafika kilomita 51.151. Gurudumu zito likalishinda jepesi kwa sababu lilipasua hewa vizuri zaidi.

Ukiona huyo hatoshi, mchukue Greg LeMond, Mmarekani. Siku ya mwisho ya Tour de France ya 1989 alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, na zimebaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alifunga kwenye usukani vile vipini vya mbele vya kulazia mikono, akavaa kofia ndefu yenye mkia. Fignon akaenda kichwa wazi, nywele zake zimefungwa nyuma zinapepea. LeMond alishinda mashindano yote, zaidi ya kilomita 3,000, kwa sekunde 8. Alishinda kwa kuongeza kifaa.

Dar es Salaam nayo, kama unavyojua, ni tambarare. Kuanzia Tazara mpaka Bagamoyo huna mlima wa kukutoa jasho la uzito. Unapigana na upepo wa bahari tu. Kilima chetu cha maana ni Pugu. Kwa hiyo nilitoboa breki katika mji usiokuwa na milima. Cheka, ni halali yako.

Lakini sasa usicheke. Jumapili moja mdogo wangu, wakati huo kidato cha pili, aliazima baiskeli yangu. Alikuwa anateremka kutoka Pugu kuelekea Gongo la Mboto, daladala ikasimama ghafla mbele yake. Akabana breki kwa nguvu zake zote, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Mkono wa kushoto ukakatika kwenye tundu la tatu. Akakwepa daladala, akaingia mtaroni. Mfupa wa bega ulivunjika, na meno mawili ya mbele yakabaki Gongo la Mboto.

Mama aliniuliza mbele ya watu, "Breki imekuwaje?" Nikasema, "Vifaa vya mitumba, mama, ndivyo vilivyo." Fundi wetu alikuwepo. Alinitazama, hakusema neno. Mdogo wangu akaamini. Kwa miaka yote hii, kila anayemuuliza habari ya meno yake anamjibu kwamba mitumba si ya kuaminika.

Kipande kilichokatika nilikitunza. Wiki iliyopita, katika hesabu hizi za laki nne, niliuchukua ule mkono wa pili, mzima wenye matundu sita, nikaupeleka kwa sonara pamoja na mwingine wa aina ileile usiotobolewa. Tofauti: gramu 9 kwa mkono mmoja. Mimi nina kilo 64, na baiskeli 11 na nusu. Kupanda Pugu kwangu ni dakika 12 hivi. Katika mzigo wote huo wa kilo 75 na nusu, gramu 9 zinanipunguzia chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Piga hesabu na wewe kama huniamini. Bega na meno mawili, kwa muda ambao haukutoshi kupepesa jicho.

Nikaendelea kusoma, kwa kuwa sikuweza kulala, na nikaona kwamba wakubwa nao walifika mahali wakaogopa. Miaka ya 1990 kaboni na titani viliingia kwa fujo, na Chama cha Kimataifa cha Baiskeli, UCI, kikaona mashindano yanageuka kuwa ya wahandisi. Mwaka 1996 kilitoa tamko lake mjini Lugano, Uswisi, kwamba mtu awe mbele ya mashine. Mwaka 2000 ikaja kanuni: baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Mwaka huohuo Mwingereza Chris Boardman akarudi uwanjani Manchester na baiskeli ya mtindo wa zamani, akafika kilomita 49.441. Alimpita Merckx kwa mita 10 baada ya miaka 28. Vifaa vikifanana, binadamu wanakaribiana hivyo.

Kanuni ile bado ipo. Viwanda vilipoipita kwa wepesi, mafundi wa timu walianza kuongeza vipande vya chuma ndani ya fremu ili mizani ikubali. Hebu fikiri: unalipa fedha nyingi kuondoa gramu, halafu unalipa fundi azirudishe. Na kanuni haikumwokoa kila mtu. Mwaka 2006, kwenye barabara za mawe za Paris–Roubaix, shingo ya foku ya George Hincapie, ambayo ilikuwa ya alumini, ilikatika akiwa katika kundi la mbele. Alibaki ameshika usukani usioshikana na chochote, akaanguka, akaumia bega. Nilipotazama ile picha niliifunga upesi.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, hapo kwa jirani zetu Kigali. Tulijazana kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, mwenye kibanda akilalamika kwamba tunamkosesha wateja wa Simba na Yanga. Zaidi ya kilomita 260 za vilima na mawe, na Tadej Pogačar wa Slovenia akaziendea kilomita 60 na ushei za mwisho peke yake. Wote wale wanabanwa na kanuni moja ya uzito. Washkaji walibishana kuhusu rimu zake. Mimi nilikuwa natazama mikono yake kwenye breki kila mteremko.

Basi, turudi kwenye laki nne. Historia imenipa mpangilio huu, nawe uuchukue kama utakufaa.

Kwanza nimetoa, sijanunua. Baiskeli ilikuja na stendi, madigadi na keria. Vyote nimevifungua: kilo 1 na gramu 200, bila kutoa hata senti. Nimeacha kubeba lita mbili za maji pale ambapo lita moja inatosha. Maji nayo ni mzigo, lita ni kilo.

Pili ni tairi. Zangu zilikuwa za ukingo wa waya wa chuma, gramu 340 kila moja. Zipo zenye ukingo wa nyuzi, zinazokunjika kama leso, nimepata za gramu 220. Mpira wa ndani nao umeshuka kutoka gramu 110 hadi 75. Jumla kwa magurudumu mawili ni gramu 310, na faida kubwa hata si hiyo. Tairi nzuri inateleza barabarani kwa ulaini, na ulaini unauona Pugu na Bagamoyo pia. Ipo mipira ya plastiki nyembamba, myepesi zaidi ya hiyo. Muuzaji alinishawishi. Lakini breki zangu zinabana rimu, na rimu ikibanwa mteremko mrefu inapata moto; baadhi ya watengenezaji wenyewe wanakataza mipira yao kutumika na breki za rimu. Nikawakumbuka wale wazee wa 1934 na gundi yao. Nikaacha.

Rimu nyepesi zitasubiri. Ni kweli gramu ya kwenye rimu inahesabika mara mbili, lakini ni pale unapoongeza kasi tu. Ukipanda mlima kwa mwendo mmoja, gramu ya rimu na gramu ya mfukoni ni ndugu. Usukani, foku, nguzo ya siti: hivyo sivigusi, wala sinunui vyepesi vya mtu nisiyemjua. Vikikatika havikupi onyo.

Ukijumlisha, kilo 1 na nusu imeondoka, sawa na sekunde 14 hivi za Pugu. Pesa iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, imekwenda kwenye breki: mikono mipya, waya mpya, raba mpya. Ni nzito kidogo kuliko zile za zamani. Sijazipima.

Rasimu hii nilimpa mdogo wangu aisome kabla sijaipeleka kwa mhariri. Sasa ni mtu mzima, ana mtoto. Alisoma amesimama mlangoni, akafika kwenye Gongo la Mboto, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena. Nikangoja.

"Gramu tisa, kaka?"

"Tisa."

Akanyoosha mkono, nikampa ule mkono wa breki wenye matundu sita. Akachungulia taa kupitia tundu la tatu, muda mrefu. "Na fundi alijua?"

"Alijua."

"Mama?"

"Bado."

Akautia mfukoni, akaondoka nao. Kesho yake jioni akanitumia ujumbe: Jumamosi anakuja Pugu, nimwandalie baiskeli, na tukitoka huko tupitie kwa mama. Breki nimezikaza mara mbili. Fundi mzee alipita akakuta nazijaribu, akazibana kwa vidole vyake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza kama kuna chai.